Kuuza ndeke za taifa: mambo ya Afrika ya Kusini

Watu wakisikia kwamba Serikali inataka kuuza sosiete ya ndeke ya taifa, mara wanagawanyika. Wamoja wanasema: «Iuzwe, inakula feza yetu bure.» Wengine wanajibu: «Isiuzwe, ni urizi wetu.» Tunaona wote wanasema upesi mno. Inafaa kwanza kutazama nani anadai nini katika sosiete ile, na kwa haki gani. Tutwae mfano wa South African Airways, kwani pale mambo yalibishaniwa mbele ya watu wote.

Sosiete hiyo ilianza mwaka 1934. Tangu mwaka 2011 haikuona tena faida, na kila mara Serikali iliijazia mfuko. Mwezi wa Novemba 2019 wakubwa wake walitangaza kwamba watu 944 wanaweza kupoteza kazi. Sendika mbili, NUMSA na SACCA, ziligoma, ndeke nyingi zikabaki chini. Tarehe 5 Desemba sosiete ikatiwa mikononi mwa wasimamizi wa kuiokoa, kama sheria inavyoruhusu. Walipomaliza kazi yao, kati ya watumikaji 4 700 hivi walibaki kama 1 000 tu. Basi, kabla ya kuuza kitu cho chote, wengi walikuwa wamekwisha kulipa bei.

Mdai mwingine anasahauliwa mara nyingi: ni yule mwenye kulipa kodi asiyepanda ndeke hata siku moja. Mwezi wa Oktoba 2020 Serikali ilitoa randi miliari 10,5 kwa kuokoa sosiete. Feza hiyo haikuanguka kutoka mawinguni; ilipunguzwa katika mifuko ya kazi zingine za Serikali. Sisi wa Kongo tusiwacheke: Air Congo yetu ya mwaka 1961, iliyoitwa baadaye Air Zaïre, ilifilisika mwaka 1995 bila kupata mnunuzi wa kuiokoa.

Mwezi wa Juni 2021 Ministri Pravin Gordhan alitangaza mnunuzi: kundi liitwalo Takatso litapata sehemu 51 kwa mia, Serikali itabaki na 49. Mwezi wa Septemba ndeke zikaruka tena, na Kinshasa ilikuwa kati ya miji ya kwanza ya inchi za kigeni iliyotajwa katika safari zake.

Kisha watu wakasikia bei: randi 51. Randi moja kwa kila sehemu! Bei ya mikate michache. Wengi walikasirika, lakini hapa tupambanue. Takatso iliahidi kutia randi miliari 3 ndani ya sosiete yenyewe, kusudi ipate feza ya kutumika. Muuzaji hapati kitu, sosiete inapata uzima. Namna hiyo si wizi kwa yenyewe. Maswali ya kweli ni mawili: mnunuzi anayo feza aliyoahidi? Na mali ilipimwa wakati gani? Ilipimwa siku za Covid, ndeke zilipolala. Kisha safari zikarudi, na kipimo kile kikazeeka.

Tena kulikuwa na jambo la ajabu. Ndani ya Takatso, mwenye kujua kazi ya kurusha ndeke alikuwa Global, mwenye ndeke za Lift. Mwaka 2023 tribinali ya mashindano ya biashara ilikubali mauzo, lakini kwa sharti Global atoke, kwa sababu alikuwa mshindani wa sosiete inayouzwa. Sharti hilo lilikuwa la haki kwa wasafiri, maana mashindano yakifa bei ya tikiti inapanda. Lakini aliyebaki alikuwa mwenye feza, si mwenye ufundi.

Kwa maoni yetu, kosa kubwa kushinda yote lilikuwa siri. Sendika ziliomba maneno ya mapatano yatangazwe. Wadepite waliomba karatasi; Ministri akataka kwanza watie sahihi ya kutunza siri, nao wakakataa. Mtunza mali ya wengine anaweza kuficha hesabu mbele ya washindani wake. Mbele ya wenye mali atasema nini?

Mwezi wa Machi 2024 Gordhan alitangaza kwamba mapatano yamevunjika: mali ilipimwa upya, na pande mbili hazikupatana juu ya masharti mapya. Takatso ikaenda zake, na sosiete ikabaki mikononi mwa Serikali.