Mfuko unauzwa, udongo haupimwi

Kwa mkulima mdogo wa mahindi, kipimo cha mbolea ni kizibo cha soda. Akipanda kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo, ekari moja inabeba mashimo yapatayo 9,000. Kizibo kimoja cha DAP kina gramu 5 hivi, kwa hiyo ekari nzima inamaliza karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Huo ni wa kupandia. Mahindi yakifika magotini unahitajika mfuko wa urea wa kukuzia. Mifuko hiyo miwili ndiyo inayogombewa na waagizaji wa Dar es Salaam, mawakala wa mikoani na wenye maduka ya pembejeo vijijini kila msimu unapokaribia.

Sehemu kubwa ya mbolea hiyo hufika kwa meli. Kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi mwaka 1972 kikafungwa 1991. Habari ya kutengeneza urea Kilwa kwa gesi asilia imekuwapo tangu miaka ya 1980, na hadi leo hakuna mfuko uliotoka huko. Ndiyo maana vita ya Ukraine ilipopandisha bei za dunia mwaka 2022, mfuko wa DAP ulivuka shilingi 100,000 na mkulima wa Mbozi akaumia sawasawa na wa Kitale nchini Kenya. Agosti mwaka huo serikali ilizindua ruzuku mjini Mbeya: mkulima alisajiliwa, akapewa namba, akanunua DAP au urea kwa shilingi 70,000 msimu huo, na tofauti ya bei ikalipwa na Hazina. Kenya nayo iliuteremsha mfuko hadi shilingi 2,500 za kwao, kisha mwaka 2024 ikatikiswa na sakata la mbolea bandia iliyopenya ndani ya mpango wenyewe wa ruzuku.

Ruzuku iliokoa msimu, na asiyekubali hilo hajakaa na familia iliyopanda bila mbolea. Lakini fedha hizo za umma zinafuata mfuko tu. Hakuna anayeuliza mfuko unaangukia kwenye udongo wa namna gani, na hapo ndipo hasara ya mkulima inapoanzia.

Chukua nyanda za juu kusini, penye mvua nyingi: Njombe, Rungwe, sehemu za Mbozi. Kwa karne nyingi mvua imekuwa ikizamisha kalisi na magnesi chini ya kimo cha mizizi, na udongo umebaki na tindikali. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, huku fosforasi ikinaswa na chuma na aluminiamu isiweze kufyonzwa. Mkulima ametoa fedha yake kununua fosforasi iliyomo kwenye DAP, na sehemu kubwa yake inafungiwa pale pale shimoni. Tena DAP na urea zikitumika mwaka hadi mwaka peke yake huongeza tindikali. Mavuno yakidumaa, anaambiwa aongeze mbolea. Dawa ni chokaa ya kilimo, na mawe yake yapo tele Songwe na Tanga.

Kwa nini basi duka la pembejeo lenye aina sita za dawa ya viwavijeshi halina chokaa? Jibu ni uzito. Ekari yenye tindikali kali inaweza kuhitaji tani nzima, yaani mifuko 20 ya kilo 50, ya bidhaa ambayo bei yake machimboni ni ndogo mno. Nauli ya lori inaizidi bidhaa. Mwenye duka akiweka mtaji wake kwenye urea, unarudi ndani ya wiki chache za kukuzia. Akiuweka kwenye chokaa, itakaa ghalani ikimsubiri mkulima ambaye hajawahi kupimiwa shamba. Na faida ya chokaa haimalizwi na msimu mmoja, inaenea miaka kadhaa. Anayelima shamba la kukodi msimu kwa msimu hana sababu ya kumnunulia mwenye shamba chokaa.

Biashara inayojaribu kuziba pengo hili ipo. Minjingu, mkoani Manyara, huchimbwa fosfati iliyotokana na vinyesi na mifupa ya ndege wa ziwa la kale, na machimbo yanafanya kazi tangu mwaka 1983. Fosfati hiyo ina kalisi ndani yake, na tindikali ambayo ni adui wa DAP ndiyo inayoiyeyusha, hivyo ni mbolea iliyoumbiwa udongo wa Njombe kuliko wa Babati pale jirani. Mwanzoni iliuzwa ikiwa unga. Mkulima aliurusha, upepo ukampakaa usoni, akachukia. Baadaye zikaja chengachenga zilizochanganywa na naitrojeni na madini mengine, ambazo zinashikika mkononi kama mbolea nyingine. Dodoma nako, eneo la Nala, kampuni ya Itracom iliyotoka Burundi imejenga kiwanda kinachochanganya samadi na madini. Mradi wa namna hiyo una maana kubwa kwa mfugaji, kwa sababu kinyesi kinachorundikana zizini kinapata mnunuzi wa uhakika.

Samadi na mboji, nionavyo mimi, ndizo zinazodharauliwa kuliko zote katika hesabu za biashara, kwa kuwa hazina lebo wala muagizaji. Wachaga wamelisha vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, kwa mavi ya ng'ombe wa kufungwa vizazi kwa vizazi. Wamatengo wa Mbinga hulaza nyasi, huzifukia na kuacha mashimo ya ngoro kwenye miteremko mikali, na udongo wao umebaki mlimani. Udongo usio na mabaki ya mimea hauwezi kushika maji wala urea. Mvua kubwa ya kwanza huipeleka mtoni pamoja na fedha ya mkulima.

Njia nyingine ya kurutubisha shamba hupitia sokoni. Mbaazi zikichanganywa na mahindi, kama wafanyavyo wakulima wengi wa Babati, hutega naitrojeni ya hewani, hudondosha majani shambani, na mizizi yake huweza kuifungua fosforasi iliyonaswa. Mkulima hapandi mbaazi kwa sababu hiyo. Anapanda kwa sababu ya bei. Agosti 2017 India ilipoweka ukomo wa tani 200,000 za mbaazi kutoka nje, bei huku kwetu iliporomoka kutoka maelfu hadi mamia ya shilingi kwa kilo, na wapo walioziacha shambani kwa kuwa gharama ya kuvuna ilizidi mauzo. India ilipofungua tena milango mwaka 2021, mbaazi zikarudi na thamani yake, na sasa Lindi na Mtwara zinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani. Uamuzi wa New Delhi unagusa rutuba ya ekari nyingi za Tanzania, lakini katika mikutano ya mbolea hauzungumzwi.

Wakuu wa Afrika waliahidi Abuja, mwaka 2006, kufikisha matumizi ya mbolea kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Mwaka ulifika na kupita. Mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 uliongeza afya ya udongo kwenye jina lake na kwenye azimio lake. Kazi iliyobaki ni ya kibajeti. Tayari kila mkulima wa ruzuku ana namba yake ya usajili. Majibu ya kipimo cha udongo yakiambatanishwa na namba hiyo, wakala atajua nani auziwe DAP na nani aanze na chokaa. Reli ya TAZARA inapita Songwe na kuendelea hadi Makambako, mlangoni mwa Njombe. Sehemu ya ruzuku ikielekezwa kulipia mabehewa ya chokaa kwenye kipande hicho wakati mazao hayapo njiani, kabla ya mvua za Novemba, mwenye duka atakuwa na sababu ya kuiweka ghalani.