Picha ya kidonda: Kwa nini daktari haoni unachokiona wewe

SIKU hizi haipiti wiki bila mimi kuletewa picha ya ugonjwa kupitia simu. Mara ni upele wa mtoto, mara ni jicho jekundu, mara ni kidonda kisichopona. Katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera, ambako mgonjwa anaweza kusafiri siku nzima kabla ya kumfikia daktari, picha nzuri ni msaada mkubwa. Lakini picha mbaya humpotezea mgonjwa wakati, na wakati mwingine humdanganya daktari.

Jioni moja nilitumiwa picha ya mchungaji wa ngamia aliyekuwa na kidonda mkononi. Ndugu yake aliyempiga picha alisimama hatua chache mbali, akamnasa mgonjwa mzima, boma na hata ngamia waliokuwa nyuma yake. “Daktari, ivute tu, utakiona,” akaniambia. Niliivuta kwa vidole viwili. Kidonda kikageuka doa jeusi la miraba miraba, mfano wa ukili wa mkeka.

Nilimwomba apige nyingine kwa karibu, kivulini. Hiyo ya pili ilionyesha gamba jeusi katikati na duara la malengelenge madogo pembeni. Nilipouliza, nikaambiwa kidonda hakiumi, na kwamba siku chache kabla yake mgonjwa alikuwa amemchuna mnyama aliyekufa ghafla. Nilishuku kimeta, ugonjwa unaoweza kuua ukiachwa, lakini unaotibika kwa dawa za kuua bakteria ukigunduliwa mapema. Alipelekwa hospitalini usiku huohuo.

Mgonjwa ni yule yule, simu ni ile ile. Tofauti ilitoka wapi?

Kipande kinachopokea mwanga

Ndani ya kila kamera ya kidijitali mna kipande bapa kiitwacho kihisi. Kinafanya kazi iliyofanywa zamani na filamu: kupokea mwanga unaoingia kupitia lenzi. Kihisi kimegawanywa katika vijumba vidogo sana viitwavyo pikseli, na kila kijumba hutoa nukta moja ya picha. Pikseli milioni moja ndizo huitwa megapikseli.

Jicho lako limeumbwa vivyo hivyo. Nyuma yake kuna utando uitwao retina, wenye chembe hai zinazopokea mwanga. Katikati kabisa ya retina chembe hizo zimesongamana, zaidi ya 100,000 katika milimita moja ya mraba, lakini pembeni zile zinazotofautisha rangi na vitu vidogo ni chache. Ndiyo maana ukitaka kusoma gazeti hili huna budi kulitazama moja kwa moja. Ukilitazama kwa pembe ya jicho utaona karatasi, wala hutaona herufi.

Hivyo basi, swali la maana kwa daktari si kamera ina pikseli ngapi kwa jumla, bali ni ngapi zimeangukia kidonda.

Tufanye hesabu

Chukua simu ya kawaida yenye megapikseli 12, yaani pikseli 4,000 kwa upana na 3,000 kwa urefu. Ukisimama mita moja kutoka kwa mgonjwa, picha itachukua eneo la upana wa takriban mita moja na robo hadi mita moja na theluthi. Kila milimita ya ngozi inapata kama pikseli 3 tu. Kidonda chenye upana wa sentimita moja kitapata pikseli 30 kwa 30, yaani 900 kati ya milioni 12. Zilizobaki zote zimeenda kwenye shati, boma na ngamia.

Sasa sogea hadi sentimita 25. Kidonda hicho hicho kinapata pikseli 120 kwa 120, ambazo ni zaidi ya 14,000. Ukikata picha ya kwanza ili kibaki kidonda peke yake, hutapata hizo 14,000 kamwe. Kukata huondoa kisichotakiwa, hakuongezi kilichokosekana. Na ile “zumu” ya simu isiyo na lenzi yake maalumu si kitu kingine ila kukata huko huko.

Balaa zaidi ni wakati wa kutuma. Ukituma kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, picha hupunguzwa hadi takriban pikseli 1,600 kwa upande mrefu. Zile pikseli 30 za kidonda chetu zinabaki 12. Hakuna daktari, awe bingwa wa namna gani, atakayetambua malengelenge katika nukta 12.

Msongamano una faida na gharama

Huenda utauliza: kwa nini basi tusinunue simu yenye megapikseli 50? Kumbuka kwamba pikseli zikiongezeka mara nne, undani huongezeka mara mbili tu kwa kila upande. Tena simu nyingi za aina hiyo huunganisha pikseli nne ziwe moja, na picha unayoipata ni ya megapikseli 12 na ushei.

Sababu ni mwanga. Kihisi cha simu niliyoitaja kina upana wa milimita 5.6 hivi, ilhali kile cha kamera kubwa, chenye ukubwa wa filamu ya zamani, kina milimita 36 kwa 24. Kijumba kikiwa kidogo hupokea mwanga kidogo, kama kikombe na karai vilivyowekwa nje kwenye mvua. Ndani ya kibanda chenye taa hafifu, vijumba vidogo hutoa chembechembe za rangi zisizokuwepo. Simu nayo hujaribu kuzifuta kwa kulainisha ngozi, na upele hufutika pamoja nazo.

Hata hivyo, usidhani kihisi kikubwa hushinda daima. Tuseme kamera mbili zina lenzi moja, umbali mmoja na megapikseli 24 kila moja, ila kihisi cha ya pili ni kidogo mara moja na nusu kwa upana. Ukikata picha ya ile kubwa ilingane na eneo la ile ndogo, utabakiwa na megapikseli kama 11 tu. Hapo, mwanga ukiwa wa kutosha, msongamano wa pikseli ndio unaoshinda. Lakini lenzi nayo ina kikomo: isipoweza kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu sana, kuongeza pikseli hakutavitenganisha.

Funzo ni kwamba undani hupatikana kabla ya kubonyeza kitufe. Wataalamu waliotumia simu kupima macho kule Nakuru chini ya mradi wa Peek hawakutegemea kuvuta picha ya kawaida. Waliongeza kifaa mbele ya kamera ili waone nyuma ya jicho, na matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016.

Fanya hivi

1. Pangusa lenzi. Vumbi la Garissa halibagui simu.

2. Piga picha mbili: moja ya mita moja, ionyeshe kidonda kiko sehemu gani ya mwili, nyingine ya sentimita 25 hadi 30. Usisogee zaidi ya hapo, kwani simu nyingi zenye vihisi vikubwa hushindwa kuona sawasawa kwa karibu mno.

3. Kaa kwenye kivuli chenye mwanga mwingi. Jua la saa saba huunguza rangi za picha.

4. Weka rula au sarafu kando ya kidonda, gusa kidonda kwenye kioo cha simu, kisha utulize mkono.

5. Zima mapambo yote ya kulainisha uso, wala usiisafishe picha kwa programu za akili bandia. Programu hizo hukisia, na makisio si dalili.

6. Usikate picha. Itume kama faili, au kwa ubora wa juu uliowekwa na WhatsApp mwaka wa 2023.

7. Omba ruhusa ya mgonjwa, funika uso na sehemu za siri. Mgonjwa akiwa mwanamke, mpe simu mwanamke mwenzake ampige picha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda siri ya mgonjwa.

Mwisho, picha haichukui nafasi ya daktari. Aliyeumwa na nyoka, anayeshindwa kupumua, au mtoto asiyeweza kunyonya, apelekwe hospitali mara moja. Usimfuate nyoka ili umpige picha. Na ukiwa na kidonda chenye gamba jeusi baada ya kushika mzoga, usingoje jibu la simu: nenda kituo cha afya ukamweleze mhudumu ulishika mnyama gani na lini, jambo ambalo hakuna kamera itakayolionyesha.