Akili ya Mtambo na Akili ya Fundi

Katika majengo makubwa ya siku hizi, kama vile hospitali, hoteli, viwanja vya ndege na viwanda, upo mtambo ambao wapitao njia hawauoni. Hukaa chini ya jengo au juu ya paa, na kazi yake ni kupoza maji. Maji hayo hutoka mtamboni yakiwa na nyuzi 7 hivi za sentigredi, husukumwa na pampu mpaka vyumbani, huchukua joto la humo, kisha hurejea yakiwa na nyuzi 12 hivi ili yapozwe tena. Mgonjwa alalaye katika chumba cha upasuaji huutegemea mtambo huo, ingawa hata jina lake halijui.

Leo twapenda kuzungumza na ndugu zetu wafanyakazi juu ya ubongo wa mtambo huo, yaani vyombo vya elektroniki viuongozavyo. Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Lahusu mali ya umma, gharama ya umeme, na heshima ya kazi.

Fikra ya kuvifanya vyombo vijiongoze ilianza na taabu ya mfanyakazi wa chini. Huko Whitewater, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, alikuwako mwalimu wa chuo cha ualimu aitwaye Warren Johnson. Alimwona mtumishi wa chuo akiingia darasani mara kwa mara kutazama kipimajoto, kisha akishuka chini kurekebisha njia za hewa ya moto. Mwaka 1883 Johnson alipata hataza ya chombo cha umeme kilichopeleka habari ya joto la chumba mpaka kwa mtumishi huyo. Mwaka 1922 Mmarekani mwingine, Willis Carrier, aliuonyesha hadharani mtambo mkubwa wa kupozea wenye kompresa ya kuzunguka kwa kasi. Kwa miaka mingi mitambo ya namna hiyo iliongozwa kwa mkono, kwa springi, na kwa hewa iliyoshindiliwa katika vibomba vyembamba. Baadaye zikaja kompyuta ndogo mno, zilizoanza kuuzwa mwaka 1971, na kazi hiyo ikaanza kupita mikononi mwake.

Je, ubongo huo hufanya nini? Ndani ya mtambo imo gesi maalum. Gesi hiyo, ikiwa kimiminika chenye kani ndogo, huchemka na kunyang'anya maji joto lake. Kompresa huivuta na kuishindilia, nayo hulitupa joto hilo nje na kurudi kuwa kimiminika, kisha hupita katika vali nyembamba na kuanza safari upya. Vihisio hupima joto na kani katika kila hatua. Kompyuta huvilinganisha vipimo hivyo na kile ilichoagizwa, ikaongeza au kupunguza kazi ya kompresa.

Faida yake ni kubwa. Usiku, jengo likiwa na watu wachache, hapana haja ya mtambo kukimbia kama adhuhuri. Kwa kanuni ya maumbile, pampu au feni ipunguzwayo mwendo kwa nusu huhitaji takriban sehemu moja tu kati ya nane ya nguvu yake. Kompresa haipati nafuu yote hiyo, kwa maana ni lazima iendelee kuisukuma gesi mahali penye kani kubwa. Ikipunguzwa mno, gesi hurudi nyuma kwa kishindo na mtambo mzima hutikisika. Kompyuta iliyopangwa vema huujua mpaka huo na haiuvuki.

Lakini kazi iliyo kubwa kuliko zote ni ulinzi. Pampu ikisimama na maji yakaacha kupita, maji yaliyobaki katika mabomba ya mtambo yaweza kufika nyuzi 0 na kuganda. Barafu hupasua mabomba, maji huingia katika njia ya gesi, na mtambo wa thamani kubwa huharibika vibaya kwa muda mfupi. Kwa ajili hiyo imewekwa swichi ihisiyo mwendo wa maji, ambayo huuzima mtambo kabla ya hatari.

Hapa ndipo tunapopaswa kusema kweli. Fundi aunganishaye kipande cha waya ili kuiruka swichi hiyo, kwa sababu mkubwa wake analalamikia joto, hajatengeneza kitu. Ameling'oa jicho la mlinzi. Kadhalika yule abonyezaye kitufe cha kuwashia upya mara tano bila kuuliza sababu ya onyo. Dalili ya mvua ni mawingu. Onyo la kani kubwa huenda lasema kwamba mabomba yamejaa uchafu. Onyo la mafuta lasema kwamba vyuma karibu vitasagana. Na mtambo ukikataa kuwaka upesi baada ya kuzimwa, haukaidi. Kila kuwashwa huitia mota moto mwingi, nayo yahitaji muda wa kupoa.

Tena, kompyuta huamini iambiwavyo. Kihisio kikisema uongo wa nyuzi mbili, itautii uongo huo usiku na mchana bila kuona haya. Hapana wa kuugundua isipokuwa mtu mwenye kipimajoto chake mkononi, mwenye daftari la mtambo lililojazwa kila zamu, na mwenye desturi ya kulinganisha.

Neno letu la mwisho ni kwa wenye kununua mitambo. Yafaa nini kununua ubongo ambao ufunguo wake umebaki kwa muuzaji? Tangu mwaka 1995 iko lugha ya wazi iitwayo BACnet, ambayo kwayo mitambo ya watengenezaji mbalimbali yaweza kusemezana. Basi mkataba na uitaje lugha ya namna hiyo. Na udai pia maneno ya siri ya kuufungulia mtambo, vitabu vyake vyote, na mafunzo kwa wale watakaoulinda. Bila hayo, kila hitilafu ndogo itamngoja mgeni, na wenye mali watageuka watazamaji katika nyumba yao wenyewe.

Yule mtumishi wa Whitewater alipunguziwa ngazi za kupanda na kushuka. Ni jambo jema. Lakini mfanyakazi aliyepunguziwa taabu ya miguu hapaswi kunyimwa elimu ya kichwa. Wakubwa na wampe vitabu na nafasi ya kujifunza. Naye asibonyeze kitufe ambacho maana yake haijui.