Kizuri Chajiuza



Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii twaisikia sana sokoni, penye maembe na samaki. Leo nataka mwone jinsi ilivyotimia katika muziki, huko Uingereza, katika mji wa Swindon, uliojulikana zamani kwa karakana zake za garimoshi.

Mjini humo palikuwa na bendi iitwayo XTC. Mwaka 1982 mwimbaji wake mkuu, Andy Partridge, alishikwa na hofu kuu ya kusimama mbele ya watu, hata bendi ikaacha kusafiri na kupiga muziki hadharani. Wakabaki kutengeneza santuri tu. Mwaka 1984 wakatoa ya saba, The Big Express, nayo haikununuliwa sana. Wengine wangalitafuta matangazo makubwa zaidi. Wao walifanya kinyume: waliyaficha majina yao.

NYIMBO ZA UJANA WAO

Wanamuziki hawa walikuwa vijana katika miaka ya 1966 hadi 1968, wakati ulipovuma muziki uitwao saikedelia. Sauti zake ni kama za ndotoni: magitaa yanayosikika kinyumenyume kwa kugeuza utepe, waimbaji wenye mwangwi kama wamo pangoni, na kinanda kiitwacho Mellotron, ambacho kila ukibonyeza kibao chake huchezesha utepe wenye sauti ya fidla au filimbi. The Beatles na Pink Floyd waliupiga muziki huo. Mara nyingi ulifuatana na dawa za kulevya, na jambo hilo hatulisifu hata kidogo, maana liliharibu vijana wengi. Lakini ufundi wa nyimbo zenyewe ulikuwa wa kweli, na watu hawa wa Swindon hawakuusahau.

Basi, Desemba 1984, Partridge, Colin Moulding, Dave Gregory na Ian, nduguye Dave, aliyepiga ngoma, waliingia studio huko Hereford pamoja na fundi wa kurekodi, John Leckie. Walipewa pauni 5,000, fedha kidogo kwa kazi ya namna hiyo, wakafanya kazi kwa muda wa wiki mbili hivi. Tena wakajiwekea sheria tatu. Kwanza, kila wimbo ufuate desturi za mwaka 1967 na 1968. Pili, wimbo usirudiwe zaidi ya mara mbili wakati wa kurekodi. Tatu, vyombo viwe vya zamani, kila ilipowezekana.

Zikapatikana nyimbo 6. Santuri ikaitwa 25 O'Clock, yaani saa ishirini na tano, saa isiyopatikana katika saa yoyote ya ukutani.

JINA LA KUJIPACHIKA

Ilitolewa tarehe 1 Aprili 1985, siku ambayo Wazungu hutaniana. Jaladani jina la XTC halikuwapo. Bendi ilijiita The Dukes of Stratosphear, kama kusema Watemi wa Anga. Partridge akawa Sir John Johns, na Moulding akawa Pazia Jekundu, kwa Kiingereza chao. Na matokeo? Santuri hiyo ndogo iliuzwa Uingereza kuliko The Big Express, iliyobeba jina lao wenyewe! Mwaka 1987 wakatoa nyingine kwa jina lile lile la utani, Psonic Psunspot.

Pengine msomaji atauliza: Je, huo si udanganyifu? Nami najibu: aliyenunua alipata nyimbo alizozipenda kwa bei yake halali, wala hakuna aliyeibiwa. Hawakuchukua nyimbo za watu na kujidai ni zao; walitunga mpya kwa kufuata namna ya waliowatangulia. Mtoto wa darasa la kwanza naye hufuatisha herufi za mwalimu ubaoni. Hamwibii mwalimu, anajifunza mwandiko, na baadaye ataandika barua yake mwenyewe.

SISI JE?

Yapo mafunzo mawili hapa. La kwanza ni kuheshimu kazi ya wazee. Wanakwaya wengine hudhani wimbo wa zamani ni wa kutupwa, nao ungeweza kuwafundisha kutunga mpya.

La pili ni gumu zaidi. Bwana wetu alitufundisha kutoa sadaka bila kupiga tarumbeta. Lakini parokiani mara ngapi kazi njema hukwama kwa sababu ya jina! Huyu hataki kuimba kwa kuwa wimbo ni wa fulani. Yule huacha kuleta matofali kwa kuwa hakutajwa Jumapili. Wale wa Swindon walipoliweka jina kando, kazi yao ikapendwa zaidi.

Basi, ndugu msomaji, wiki hii jaribu kazi moja isiyo na jina. Palilia shamba la mjane kabla hajaamka. Fagia njia ya kanisa. Au tunga wimbo, umpe mwalimu wa kwaya, umwombe asikutaje. Kisha keti nyuma kabisa na usikilize watu wakiuimba. Kama ni mzuri, utajiuza wenyewe.