Mlango unaofungukia katikati ya barabara

Ni saa 12 asubuhi katika kituo cha magari cha Rumonge. Madumu ya mawese yamekwisha kufungwa juu ya magari, na harufu ya ndagala, yaani dagaa kwa ndugu zetu wa Kigoma, imetanda kila mahali.

"Mwalimu, ingia, nafasi ipo!" dereva ananiita. Nachungulia. Probox iliyotengenezwa kwa watu watano tayari ina sita. Nafasi ipo kweli, juu ya mapaja ya mama mmoja anayepeleka mzigo Bujumbura.

Hii ni barabara ya taifa namba 3. Kaskazini inafika Bujumbura, kiasi cha kilomita 75, na kusini inapita Nyanza-Lac na Mabanda hadi mpaka wa Mugina, ng'ambo yake ni Manyovu. Ndiyo njia ya wafanyabiashara wa mpakani, na ndiyo waliyorudia wengi wetu kutoka Katumba na Mishamo kuanzia mwaka 2008. Siku ya kurudi, jina la kila mmoja wetu lilisomwa kwenye orodha kabla gari halijaondoka. Leo gari likipinduka, hakuna anayejua nani alikuwa ndani mpaka ndugu waanze kupiga simu.

Mwaka jana mwanafunzi wangu alishuka kwenye Hiace karibu na soko. Magari mengi ya aina hiyo huja na usukani kulia, yametengenezwa kwa nchi kama Tanzania ambako watu huendesha upande wa kushoto. Sisi Burundi tunaendesha kulia. Basi mlango wa abiria, ulio ubavu wa kushoto, unafungukia katikati ya barabara. Mtoto aliteremka, gari lililokuwa likipita likamkumba, akavunjika paja.

Tulipofuatilia, makaratasi yote yalikuwa sawa: ukaguzi ulilipiwa, bima ilikuwa hai. Lakini aliyekuwa akiendesha alikuwa ameazimwa gari siku ile, na mwenye mali hakuonekana hata mara moja. Aliyeuza mbuzi kulipia matibabu ni baba wa mtoto.

Hapo ndipo penye kasoro. Ukaguzi wetu unaishia kwenye karatasi na kwa dereva, haumfikii mwenye gari. Nchini Tanzania, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, inafuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa vifaa vilivyofungwa ndani yake, na kampuni yenyewe ndiyo inayotakiwa kujibu. Ajali hazijaisha huko, la hasha, lakini angalau kuna mlango wa kubisha.

La kushangaza, mizigo ina sheria. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi iliingia mwaka 2007, ina sheria ya uzito wa magari ya mwaka 2016: lori na shehena yake visizidi tani 56, ili lami isiharibike. Lami inalindwa. Je, mama wa ndagala?

Leseni ya kubeba abiria ingetolewa kwa mwenye gari kwa jina lake, afungiwe gari linapojaza kupita kiasi, na Hiace zenye mlango wa kushoto zipangiwe pa kushushia nje ya barabara. Kalamu na daftari la majina pale kituoni havihitaji mfadhili.

Asubuhi ile nilipanda. Mkutano wa walimu Bujumbura ulikuwa unaanza saa 3, na gari la pili lilikuwa limejaa zaidi.