Kulipa nafasi kwenye maonyesho si kulinda vitu vyenu

Ndugu memba wa koperative, kila mwaka kisha mavuno ya mahindi, wengi wenu mnashika kazi ya mikono: vikapu, mikeka, vyungu, vijiko vya mbao. Mnavileta huku Lubumbashi kwenye maonyesho, mnauza kando ya wachonga malakite na wafua shaba. Makuta ya pale ndiyo inanunuaka mbegu na mbolea mbele ya mvua. Ndiyo maana sisi watu wa kilimo tunaongea leo juu ya vikapu na asiransi.

Tuliona koperative moja ikipoteza hayo makuta kwa saa moja. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Upepo wa mvua ya kwanza uliangusha kibanda, vyungu vikapasuka, mikeka ikalowa, na nguzo ikamuumiza mtu aliyekuwa anapita. Wamama walienda na resi mkononi kwa wale waliotayarisha maonyesho. Wakajibiwa: «Resi ile ni ya nafasi, si ya bintu.» Matibabu yakatoka kwenye sanduku la koperative, na msimu ule mbegu zikachukuliwa kwa deni.

Jibu lile lilikuwa gumu, lakini lilikuwa la kweli. Kulipa nafasi ni kukodi tu. Hasara za maonyesho ziko tatu, na kila moja ina mlango wake:

– Vitu vyenu: moto, maji, wizi. Ulizeni kama safari ndani ya kamyo imehesabiwa. Mara nyingi inaandikwa mbali.

– Mtu mwingine anayeumia kwa sababu ya kibanda chenu. Kwenye kontra mtasoma kwa Kifaransa: responsabilité civile. Mwenye maonyesho anaweza kuwa na yake, lakini pengine haigusi vibanda vya wauzaji. Mwombeni aonyeshe karatasi.

– Maonyesho kufutwa. Mbele ya kulipa, ombeni aandike kama makuta ya nafasi itarudi.

Wengine wanasema bado: asiransi ni SONAS peke yake. Ilikuwa hivyo tangu miaka ya 1960, lakini sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni zingine, na mwaka 2019 zilianza kupewa ruhusa. Anayetoa ruhusa na kuzichunga ni ARCA. Basi, ulizeni bei kwa kampuni mbili ao tatu, na mbele ya yote ulizeni: ruhusa ya ARCA iko wapi?

Mtu mmoja na vikapu makumi mawili hawezi kupata bei nzuri. Koperative inaweza. Ikiwa imeandikishwa kwa sheria ya OHADA, ile nchi yetu inafuata tangu tarehe 12 Septemba 2012, inahesabiwa kama mtu mbele ya sheria: inatia sahihi kontra moja kwa memba wote.

Mbele ya sahihi, tafuteni neno franchise. Ni sehemu ya hasara inayobaki juu yenu. Tuseme mmepoteza vitu vya dolari 300, na franchise ni dolari 100: mtapokea 200. Someni pia hasara gani zimekatazwa, na siku ngapi mnapewa za kutangaza hasara.

Kisha, chungeni ushahidi. Mbele ya kamyo kuondoka, andikeni orodha: kitu, hesabu, bei, jina la mwenye kitu. Pigeni picha kwa telefone, orodha moja ibaki kijijini. Bila orodha, hata kontra nzuri haitawasaidia sana.

Hatusemi kila kitu kiwekwe kwenye asiransi. Kama vitu vyote ni vya dolari 200, malipo na franchise vinaweza kukula nusu. Hapo likelemba ya msaada inatosha. Lakini mtu akivunjika mguu, hakuna anayejua gharama itaishia wapi. Kama makuta inatosha kwa kinga moja tu, anzeni na ile ya mtu mwingine. Kikapu kitasukwa tena.

Ongeeni hayo kwenye mkutano wenu wa mwezi wa saba, mbele ya kulipa nafasi yoyote. Komite ichague memba wawili: mmoja wa kuuliza bei, mwingine wa kushika orodha.