Kuijenga upya timu ya kikapu kwenye gemu: umwachie nani, na lini?

Vijana wengi wanaocheza gemu za umeneja wa mpira wa kikapu kwenye simu hukwama mahali pamoja. Timu inashinda mechi 41 kati ya 82, inaingia hatua ya mtoano, inatolewa raundi ya kwanza. Msimu unaofuata ni hivyo hivyo. Nyota wa timu ana miaka 30, mashabiki wanampenda, na mshahara wake unakula fungu kubwa la fedha. Je, umbakize au umbadilishe na wengine?

Makala hii inaeleza jinsi timu inavyojengwa upya kwa kubadilishana wachezaji. Tutatumia gemu lenyewe, na pia mifano ya kweli kutoka NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kwa sababu gemu hizi zimefuata kanuni za ligi hiyo.

Gemu la umeneja ni nini?

Katika gemu la aina hii hudundi mpira wala hufungi. Wewe ni meneja mkuu. Unasajili, unapanga mishahara, unabadilishana wachezaji na timu nyingine, kisha unabonyeza kitufe na kompyuta inacheza msimu mzima kwa dakika chache.

Moja ya gemu zinazojulikana ni Basketball GM. Ni la bure na linafunguka kwenye kivinjari cha simu. Halina video, ni maandishi ya Kiingereza na nambari tu, kwa hiyo halimalizi bando. Ligi yako inahifadhiwa ndani ya simu yako mwenyewe, hivyo ukifuta data za kivinjari, nayo inafutika.

Kila mchezaji ana nambari mbili za kuangalia. Iliyoandikwa Ovr ni uwezo wake wa leo. Iliyoandikwa Pot ni makadirio ya mahali anapoweza kufika. Timu hairuhusiwi kuzidi wachezaji 15. Kuna kikomo cha mishahara, na kila mwaka kuna drafti, yaani siku ambayo timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu, raundi mbili. Zamu hizo zina thamani. Unaweza kuzitoa au kuzipokea katika mabadilishano, hata za miaka ijayo.

Kwa nini timu ya katikati ndiyo yenye shida?

Kwenye drafti, timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi kubwa zaidi ya kuchagua mapema. Bingwa huchagua mwishoni, lakini ana kombe. Timu ya katikati haina kombe na haina zamu nzuri. Wakati huohuo nyota wake anazeeka.

Hapo ndipo mabadilishano yanapoingia. Kinachobadilishwa kwa kweli ni muda. Timu inayotaka ubingwa mwaka huu inahitaji mchezaji aliyekomaa leo, na iko tayari kulipa kwa mali ya kesho: vijana na zamu za drafti. Wewe unayejenga huna haraka, kwa hiyo unaweza kuipokea hiyo kesho yake. Kompyuta kwenye gemu hufikiri hivyo pia. Timu inayowania ubingwa huthamini zaidi uwezo wa sasa, na timu inayojijenga huthamini zaidi zamu na vijana.

Mfano wa Oklahoma City

Oklahoma City Thunder ilitolewa raundi ya kwanza ya mtoano mara tatu mfululizo, mwaka 2017, 2018 na 2019. Katika mbili za mwisho ilikuwa na nyota wawili wakubwa, Russell Westbrook na Paul George. Haikuwa timu mbovu hata kidogo. Ilikuwa imekwama.

Julai 2019 George, aliyekuwa na miaka 29, aliomba kuondoka. Los Angeles Clippers walimtaka sana, kwa sababu kumpata George kuliwasaidia kumvuta Kawhi Leonard aliyekuwa ametoka kuchukua ubingwa na Toronto. Mnunuzi mwenye haraka hulipa bei ya juu. Clippers walimtoa Danilo Gallinari, kijana Shai Gilgeous-Alexander ambaye alikuwa hajatimiza miaka 21, zamu tano za raundi ya kwanza na haki ya kubadilishana zamu mara mbili. Siku chache baadaye Westbrook naye alikwenda Houston, na Oklahoma City ikapata Chris Paul pamoja na zamu nyingine.

Ilipokea pia mizigo ya wengine. Desemba 2020 ilimchukua Al Horford kutoka Philadelphia, mchezaji mwenye mkataba mkubwa, na kwa kuubeba mkataba huo ikaongezewa zamu ya raundi ya kwanza yenye masharti. Kwenye gemu unaweza kufanya vivyo hivyo: ukiwa na nafasi chini ya kikomo cha mishahara, timu iliyobanwa inaweza kukulipa uichukulie mkataba wake mzito.

Kisha ikaja njaa. Msimu wa 2020-21 Thunder ilishinda mechi 22 tu kati ya 72. Uliofuata ilishinda 24 kati ya 82. Mwaka 2022 ikamchagua Chet Holmgren katika zamu ya pili, na kwa zamu ya 12, iliyotoka kwa Clippers katika yale mabadilishano ya George, ikamchagua Jalen Williams. Msimu wa 2023-24 ilishinda 57. Msimu wa 2024-25 ilishinda 68, ikaifunga Indiana Pacers kwa mechi 4-3 katika fainali na kuwa bingwa. Gilgeous-Alexander alikuwa mchezaji bora wa ligi na wa fainali.

Tangu kuondoka kwa George hadi kombe ilipita misimu sita.

Upande wa pili: kuuza butura

Wakulima wa kahawa mkoani Kagera wanaijua butura: kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini kwa sababu shida ya fedha ni ya leo. Imekatazwa, na kila mtu anajua anayefaidika ni mnunuzi, lakini mwenye shida huona leo tu.

Brooklyn Nets waliuza butura mwaka 2013. Waliwataka Kevin Garnett mwenye miaka 37, Paul Pierce mwenye miaka 35 na Jason Terry kutoka Boston Celtics. Wakatoa zamu za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, na haki ya kubadilishana zamu mwaka 2017. Garnett na Pierce waliisaidia Brooklyn kushinda raundi moja tu ya mtoano, mwaka 2014. Baadaye timu ikaporomoka, na kila ilivyozidi kuporomoka ndivyo zamu zilizokuwa mikononi mwa Boston zilivyozidi kupanda thamani. Mwaka 2016 Boston ilimchagua Jaylen Brown kwa zamu ya Brooklyn. Mwaka 2017 zamu ya Brooklyn ikawa namba moja. Boston iliibadilisha na Philadelphia, ikashuka hadi namba tatu na kumchagua Jayson Tatum. Wawili hao waliipa Boston ubingwa mwaka 2024.

Maumivu ya Brooklyn yalikuwa mara mbili. Timu mbovu kwa kawaida hujifariji kwa zamu nzuri, lakini wao zamu walikuwa wameshaitoa. Kwenye gemu, kabla ya kutoa zamu ya miaka mitatu ijayo, jiulize wachezaji wako watakuwa na umri gani mwaka huo.

Zamu ni ahadi, haijawa mchezaji

Hapa Watanzania tuna mfano wa karibu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. James Harden alichaguliwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Hakuna aliyejua siku ile jinsi mambo yatakavyokwenda. Thabeet hakupata nafasi kubwa ya kucheza, na Februari 2011 Memphis ilimpeleka Houston katika mabadilishano yaliyomleta Shane Battier, mchezaji mzoefu. Miezi miwili baadaye Memphis, iliyoingia mtoano ikiwa ya nane ukanda wake, iliitoa San Antonio iliyokuwa ya kwanza.

Kwa hiyo usiweke matumaini yote kwenye chipukizi mmoja. Pot kubwa ni makadirio tu. Kwenye gemu utaona kijana ambaye nambari yake inasimama akiwa na miaka 22 na haipandi tena. Ndiyo maana Oklahoma City ilikusanya zamu nyingi: nyingine hazikuleta kitu, chache zikalipa zote.

Ukusanye mpaka lini?

Kosa la mameneja wengi wa gemu ni kunogewa na kukusanya. Wana zamu kumi na vijana kumi, miaka inapita, wanaendelea kuwabadilisha kwa zamu nyingine. Kumbuka mwenye timu naye anakuangalia. Akichoka kufungwa na kupoteza fedha, anakufukuza kazi.

Juni 2024 Oklahoma City ilionyesha wakati wa kugeuka. Ilimtoa Josh Giddey, kijana wa miaka 21 iliyemchagua wa sita mwaka 2021, ikampokea Alex Caruso kutoka Chicago, mwenye miaka 30. Mwanzoni ilikuwa ikitoa wakubwa na kupokea wadogo. Sasa ilifanya kinyume, kwa sababu ilikuwa tayari na nyota, na kilichopungua ni beki mzoefu wa kukaba. Mwezi uliofuata ikamsajili Isaiah Hartenstein, mchezaji huru. Mwaka mmoja baadaye kombe lilikuwa lao.

Ukianza leo, fuata mpangilio huu

1. Panga wachezaji wako kwa umri. Aliyefika miaka 28 hadi 30 na bado yuko juu, huyo ndiye wa kutafutiwa mnunuzi. Ukisubiri nambari yake ianze kushuka, na bei inashuka.

2. Tafuta timu zinazowania ubingwa. Liulize gemu kila timu ingetoa nini kwa mchezaji huyo, ulinganishe majibu kabla ya kukubali.

3. Omba zamu za timu ambayo wachezaji wake wamezeeka. Leo inashinda, lakini miaka mitatu ijayo zamu yake inaweza kuwa ya juu.

4. Angalia mikataba. Timu yako ikishazidi kikomo cha mishahara, mishahara unayopokea lazima iwe midogo kuliko unayotoa.

5. Ukishapata kijana aliyekuwa nyota wa kweli, mshike. Kuanzia hapo, tumia zamu zilizobaki kumnunulia wenzake.

Jambo moja gemu halikuonyeshi. Majina yaliyo kwenye simu hayana mke, watoto wala nyumba. Mchezaji wa kweli anaweza kulala Memphis leo na kesho akaambiwa afunge mizigo aende Houston, bila kuulizwa. Kwenye simu yako unaweza kumwachia nyota wako usiku huu bila kumwomba radhi mtu. Ila mwachie kwa bei yake, usiuze butura.